Geukeni Ukutani

Walinikalisha kwenye kiti cha watoto wa chekechea, magoti yakanifika kidevuni. Mkutano wa kupanga masomo ya binti yangu, Malkia, ulifanyika darasani mwake, naye mwenyewe ameketi sakafuni, viatu kando yake. Ukikalishwa hivyo, hata salamu unaitoa kama ombi.

"Mama Malkia," mwalimu mkuu alianza, "vipimo vinaonyesha hawezi hata kuvaa viatu. Tumeona aende shule maalumu ya bweni."

Bweni! Mtoto anayelala ameshika sikio langu!

"Anaweza," nikasema. "Ila ukimtazama, hafanyi ng'o."

Mtaalamu wa vipimo akatabasamu kwa huruma. Tabasamu hilo nalijua: mama huyu bado hajakubali. Nikinyamaza, mtoto anakwenda. Nikibisha, naitwa mkaidi, na mtoto anakwenda vilevile.

Hasira ikanipa ulimi. "Basi geukeni ukutani. Nyote!"

Wakatazamana, kisha wakageuka: mwalimu mkuu na tai yake, mtaalamu na kalamu yake, na dada msaidizi, yule anayekaa na Malkia darasani kutwa nzima. Nami nikageuka. Tukasimama kama wanafunzi waliochelewa, tukisoma herufi za ukutani. Nyuma yetu nikamsikia mwanangu akihema, akinong'ona na kamba.

"Haya, tuone," akasema mwalimu mkuu, akageuka. Mtaalamu naye akageuka, nami pia. Mguu wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu, kamba imefungwa. Nusura nipige vigelegele.

"Hongera, mama, umetushinda." Mwalimu mkuu alifurahi kweli, mzee wa watu. "Bweni tumelifuta, abaki hapa hapa." Akaandika. "Na kwa kuwa anajiweza, msaidizi tutampeleka darasa lingine."

"Lakini bila huyu dada..."

"Mama, si umesema mwenyewe anaweza?"

Nilikuwa nimejipalia makaa. Nikisema anaweza, nampoteza dada. Nikisema hawezi, nampoteza mtoto.

Malkia alikuwa ameshika kiatu cha kushoto, ameganda, macho yetu yote juu yake. Ni dada msaidizi peke yake aliyekuwa bado ameuelekea ukuta.

"Dada, geuka basi, tumemaliza," mwalimu mkuu akamwambia.

"Bado cha pili," akajibu, bila kugeuka.