Hirizi Kwenye Ndoo ya Taka

Tahiya, muuguzi wa kliniki ya wagonjwa wa akili mjini, hakuwa mtu wa dharau. Lakini asubuhi ile alikuwa na wanafunzi wawili wa uuguzi kutoka Bara, na alitaka wamwone msomi.

Bi Mwatum alimleta mwanawe Khairat kutoka kijiji cha Uroa. Khairat alikuwa na wiki sita tangu ajifungue. Usingizi hapati, na anasikia sauti ikimwambia mtoto si wake.

"Tumeshampunga pepo," Bi Mwatum alisema taratibu. "Mwalimu wa chuo cha Kurani naye kamwandikia hirizi. Kapata nafuu kidogo, halafu hali ikarudi vile vile. Ndo nkamleta kwenu."

Tahiya alicheka. Wanafunzi nao wakacheka. Akachukua mkasi, akaikata hirizi mkononi mwa Khairat, akaitupa kwenye ndoo ya taka. "Hapa hospitali, Bi. Si kilingeni kwa mganga."

Khairat alijishika mkono mtupu, machozi yakamtiririka. Mama yake akainama, akaitoa hirizi kwenye pamba chafu, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Ahsante, mwanangu," akamwambia Tahiya. Wakatoka bila kungoja dawa.

Wanafunzi hawakujua kwamba bibi yake Tahiya, kule kisiwani Tumbatu, alikuwa fundi wa kupunga, wala kwamba Tahiya mwenyewe alivaa hirizi mpaka darasa la sita.

Wiki mbili baadaye zikaja habari: Khairat ameingia baharini na mtoto. Wanawake waliokuwa wakivuna mwani waliwawahi, wakawatoa wazima wote wawili. Bi Nadra, msimamizi wa kliniki, akauliza nani aliyewapokea siku ile walipokuja kliniki.

"Waliondoka wenyewe," Tahiya alijibu. "Watu wa shamba, si unawajua?"

Mwanafunzi mmoja akatazama chini. Tahiya alihisi uso unamwaka. Alasiri alirudi kwa Bi Nadra akasema kweli yote, asiweze kumtazama.

Kesho yake alikwenda Uroa.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Karibu."

Alitandikiwa mkeka, akaletewa chai na mkate wa kumimina. Afadhali angetukanwa.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nlikuvunjia heshima, wewe na mwanao."

"Dawa nlikuwa naitaka," Bi Mwatum alisema. "Mwalimu mwenyewe ndiye alotwambia twende hospitali. Sasa nkimtajia Khairat hospitali, anaficha mkono."

Tahiya aliweka kikombe chini. "Mlete, Bi. Hirizi aivae, na vidonge ameze. Havigombani."

"Tutakuja. Lakini usimpokee wewe."

"Sawa," Tahiya akasema.

Walikuja Jumatatu. Bi Nadra alimkalisha Khairat, akamuuliza kwanza mtoto anaitwa nani. Tahiya alikuwa chumba cha pili. Akamsikia Khairat akijibu kwa sauti ndogo, kisha akiendelea kusema, na kusema. Tahiya hakutoka. Alivihesabu vidonge, akavitia kwenye bahasha, akampa mwenzake avipeleke.