Mwanamke Aliyeuzwa Lambwe

Nyasuguta alipofiwa na mumewe, shemeji zake walitwaa shamba, naye akahamia Migori kuuza ndizi sokoni. Hakuwa na mtoto. Watu aliowajua mjini ni wale aliosali nao siku ya Sabato, na kati yao hakuna aliyemjulia hali kama James, shemasi mwenye sauti tamu ya kuimba. Ndiye aliyemwambia kuwa misheni moja karibu na Homa Bay inatafuta mpishi.

"Utapewa chumba, dada," alisema. "Na hutakula peke yako tena."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyompandisha kwenye lori.

Misheni hakuiona. James alimshusha katika bonde la Lambwe, kwenye boma la mkulima aitwaye Javan. Wanaume hao wawili wakanong'onezana kando kwa Kijaluo, kisha James akapanda lori bila kuaga. Nyasuguta akapewa panga.

Alifyeka vichaka, akalima, akalala peke yake katika kibanda cha kulindia mahindi yasiliwe na ngiri. Mchana mbung'o walimng'ata. Kijaluo hakukijua, na hakuna aliyemuuliza jina. Walimwita nyar Kisii, binti wa Kisii, basi. Akipalilia, alijisemesha kwa Kikisii ili asikie tu mtu anaongea.

Baada ya mavuno alimwambia Javan kwamba anataka ujira wake aende zake.

"Uende wapi?" Javan aliuliza bila ukali. "Mimi nilinunua wewe kwa James. Ukitoroka, polisi watakufunga."

Hakumpiga wala hakumfunga kamba. Nyasuguta aliamini habari ya polisi kwa sababu hakuwa na wa kumuuliza.

Kiangazi hicho, mwaka wa 1966, serikali ilileta vibarua kukata vichaka ili mbung'o wakose maficho. Mmoja wao, Kerosi, alimkuta shambani, akamtazama, akasema, "Bwakire." Ilikuwa salamu ya kwao. Nyasuguta alitaka kuitikia, badala yake akaketi chini na kulia. Kerosi naye akachuchumaa, akangoja mpaka Nyasuguta alipoweza kumweleza yaliyompata.

Jioni alimpandisha kwenye lori la vibarua. Filister, mke wa Javan, alikuwa akianua mtama. Aliwaona. Akainama, akaendelea na mtama wake.

Kule Homa Bay, ingawa Nyasuguta aliogopa kufungwa, Kerosi alimpeleka kituoni, na sajini wa polisi akamsikiliza kwa uchovu.

"Mama, watu hutoroka kazi kila siku. Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikufungia ndani?"

"Hapana, afande. Aliniambia alininunua."

Sajini akaweka kalamu chini. "Sema tena."

Akarudia. Sajini akavuta kiti karibu. "Sikiliza, mama. Mtu kudanganywa, akauzwa, akafanyishwa kazi asiyoweza kuiacha, hilo ni kosa la jinai. Si lazima kuwe na kamba. Aliyeuza na aliyenunua, wote wana kesi. Wewe huna."

Nyasuguta alikuwa amejilaumu muda wote huo kwa kupanda lori. Akaomba maji ya kunywa.

James na Javan walifungwa. Nyasuguta akarudi Migori, akapanga ndizi zake palepale. Sabato ya kwanza alikaa katika benchi lake la zamani, na waliokuwa pale wakasogea, mmoja mmoja, hadi akabaki peke yake. Walikuwa wakimpenda James. Alisikia mtu akisema nyuma yake, "Si alikwenda kwa hiari?" Hakugeuka. Wimbo ulipoanza, aliimba kwa sauti ndogo, na Sabato iliyofuata akaenda tena.

Wiki nyingi zilipita hivyo, akifungua biashara na kuifunga bila kuzungumza na yeyote ila wateja. Kisha mwanamke mmoja wa kanisa, Bathsheba, akaja kwenye meza yake. Hakununua kitu.

"James alimpeleka mdogo wangu Mong'ina kazini mwaka juzi, na hajasikika tena," alisema. "Huko ulikokuwa, hukumwona?"

"Hapana, dada yangu."

Bathsheba akatikisa kichwa, akageuka kuondoka. Nyasuguta akamshika mkono.

"Kuna sajini Homa Bay," alisema. "Nitakupeleka."

Akafunika ndizi kwa gunia, wakaondoka pamoja.