Tathmini ya Mashua Mvumilivu

"Inatangazwa kwa Ufipa nzima, kutoka Kaengesa mpaka Milepa, kwamba leo Kamati Kuu ya Vyombo vya Majini itapima umbo na mwendo wa Mvumilivu, mashua ya tanga ya safari ndefu!"

Zenon alikunja karatasi kwa heshima kubwa. Kamati Kuu ilikuwa na wajumbe wawili, yeye na Masalu, wote wa kidato cha tatu. Bahari yenyewe ilikuwa bwawa la shule, na Masalu alikuwa bado hajaonekana.

Mkuu wa shule, Mwalimu Leonidas, alipuliza filimbi kutuliza kelele. Tangu kengele ya shule, ringi kuukuu ya lori, ipotee wakati wa Pasaka, filimbi haikumtoka shingoni.

"Huu ni wakati wa soko huria, Zenon. Kisichozalisha hakikai. Ikivuka bwawa, ibaki. Isipovuka, kesho mbao zake zinajenga banda la kuku."

"Kuku, mwalimu?"

"Kuku wanataga. Mashua yako inataga nini?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Likizo zote Zenon hakwenda kwao Sumbawanga. Alibaki akiranda mbao, akishona tanga kwa viroba vya mbolea, akifunga vyuma chini ya tumbo la mashua ili upepo usiilaze. Waliosema ni nzito mno aliwajibu, "Nyepesi ni ya kuchezea. Nzito ni ya kufika."

"Panda basi, mwalimu, upime mwenyewe."

Mwalimu alipanda, akaketi mbele. Zenon akashika usukani nyuma. Tanga lilining'inia kama blanketi lililoloa. Zenon akakohoa kwa nguvu. Mvumilivu ikatetemeka, ikaondoka.

"Kamati imeona," Zenon alitangaza. "Umbo, haiyumbi. Mwendo, wa heshima."

"Kweli haiyumbi," mwalimu alikubali. Kisha akageuka. "Zenon, upepo unatoka wapi?"

"Nyuma, mwalimu."

"Mbona tanga linakupiga wewe usoni?"

Kabla hajajibu, ng'ambo ikafika, na Mvumilivu haikusimama. Ilipanda tope, ikalima matete, mwalimu ameukumbatia mlingoti, mpaka ikalala ubavu mbele ya ng'ombe wanne waliofungwa kamba ndefu. Nyuma yao alisimama Masalu na fimbo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Masalu!"

"Ni mimi," Zenon alisema, akiruka chini. "Kamba niliipitisha chini ya maji mwenyewe. Masalu nilimlazimisha."

"Mwongo huyo. Ng'ombe ni wa kwetu, nimekuja kwa hiari yangu."

"Nichape, nitafyeka uwanja mzima. Lakini haikatwi! Mwalimu, tazama viatu vyako. Vimelowa?"

Mwalimu alitazama. Vilikuwa vikavu.

"Nyepesi ingekumwaga katikati ya bwawa. Hii inangoja upepo wa saizi yake. Ukija ule wa Julai, ule unaong'oa mabati ya bweni, isipovuka nitaikata kwa mkono wangu."

Mwalimu alipangusa matete kwenye suruali. "Julai," alisema mwishowe. "Na ng'ombe wakae zizini."

Aliteremka akishikilia tumbo la mashua lililofunuka, akasita. Akaokota jiwe, akagonga vile vyuma. Mlio ule ulisikika mpaka bwenini. Upande wa pili wa bwawa wanafunzi wakaanza kujipanga mstari.

Zenon aliinamisha kichwa.

"Ndiyo yenyewe, mwalimu. Niliiteremsha mimi. Lakini ukiitoa sasa, Julai tutapinduka."