Pua ya Mjomba

Mjomba wangu alipewa jina la Mzee Pua kwa haki. Siku zote alikuwa akisimama mlangoni pa karakana yetu ya bia, anainua kidevu kidogo, kisha anasema, "Tangi la pili limeiva." Hakuwa akikosea. Karakana yenyewe ni chumba kirefu nyuma ya nyumba yake, kilichokuwa cha useremala. Tuna matangi matatu, sufuria kubwa ya kuchemshia, friji, na mabenchi machache ya wateja upande wa mbele. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye maabara ya maziwa akanifundisha kutengeneza IPA, bia chungu yenye harufu kali ya hopsi. "Bia isiyonukia hopsi," aliniambia wiki ya kwanza, "ni chai ya jana."

Ndiyo maana sikumwelewa alipogeuka.

Miaka minne iliyopita alianza kuniambia nipunguze hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, niongeze kimea, nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, inayoleta utamu. Mwanzoni nilidhani ni umri. Baadaye nikaamua ni ukaidi. Nikitengeneza IPA ya kunukia chumba kizima, anaonja funda moja, anaweka glasi chini. "Uchungu mtupu. Umechemsha vidonge?" Ya kwake ilikuwa nyekundu, nzito, tamu kama ukoko wa mkate. Wateja nao wakagawanyika kama mashabiki wa mpira. Fundi viatu akahamia benchi la kimea, na mpiga chapa akaapa hatainywa bia ya mzee hata afe kwa kiu.

Jumamosi moja, mbele yao wote, nikavuka mpaka. Nilimwambia ulimi wake umechakaa, na kwamba kazi hii sasa inataka watu wanaojua ladha. Mpiga chapa akacheka. Mjomba alichukua kitambaa. Alipangusa kaunta, ambayo ilikuwa safi tayari, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango wa karakana nikarudi nyuma hatua mbili. Chumba kilinuka soksi zilizovaliwa mwezi mzima na maziwa yaliyoganda yakaoza. Nikaziba pua kwa aproni. Katikati ya uvundo ule alisimama mjomba, ametulia, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anapima hopsi kwenye mizani. Niliujua ule mfuko. Mimi ndiye niliyeusahau kando ya sufuria badala ya kuurudisha kwenye friji, na joto na mvuke vilikuwa vimeumaliza.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Napima hopsi zako. Si ulizitaka nyingi? Leo naweka mara mbili. Sitaki tugombane tena mbele za watu."

"Husikii harufu?"

Aliinamisha uso ndani ya mfuko, akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda. Mimi niliyekuwa mbali ndiye niliyetaka kutapika. Akainua kichwa.

"Safi kabisa," alisema. "Kama zimechumwa jana."

Nilibaki nimeshika aproni puani, namtazama, naye akanitazama, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Zimeharibika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaweka mfuko chini, akakaa juu ya kreti tupu kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ile homa. Harufu iliondoka siku ya tatu. Nikasema itarudi, nikangoja, haikurudi."

Ile homa ilikuwa miaka minne iliyopita. Mwezi ule ule ndio aliokuwa ameanza kuzikataa hopsi.

"Kwangu hopsi ni uchungu tu," alisema. "Ile raha yake yote ilikuwa puani. Kimea angalau ulimi unakipata."

"Lakini kila tangi umelipitisha wewe. Unasimama pale, unanusa, unasema limeiva."

"Nilikuwa nakutazama wewe. Wewe ndiye unayenusa kwanza. Ukikunja uso, nasema bado. Ukitulia, nasema limeiva."

Sijawahi kupigwa kofi na mtu mzima, lakini nadhani linakuwa hivyo: unasikia mlio kwanza, maumivu yanafuata. Miaka minne nilikuwa nangoja hukumu yake kwa hofu, kumbe alikuwa ananisomea uso wangu mwenyewe.

Nilikwenda jikoni kwa mkewe, mwalimu mstaafu ambaye hata ndugu tunamwita Mwalimu. Alikuwa anakatakata vitunguu. Nikamuuliza kama alijua.

"Mimi ndiye ninayemnusia maziwa kabla hajanywa," alisema bila kuinua macho. "Juzi alivaa shati ambalo paka alilikojolea. Nikamvua mlangoni."

"Na hamkuniambia?"

"Mtu anaitwa Pua. Atamwambia nani kwamba hana pua?"

Tulizimwaga zile hopsi shimoni, kazi ya siku hiyo ikafutika. Siku tisa mjomba hakukanyaga karakana. Nilimpelekea chakula hadi mlangoni pa chumba chake nikitafuta maneno ya kumwomba radhi kwa yale ya Jumamosi, nikayakosa. Siku ya kumi alikuja mwenyewe, wateja wakiwa wamejaa, akasimama nyuma ya kaunta akawaambia yote. Fundi viatu alicheka akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akavua kofia. Mpiga chapa, kwa mara ya kwanza, akaagiza glasi ya bia nyekundu. Aliimaliza, japo kwa shida.

"Nisamehe, mjomba," nilimwambia walipoondoka.

"Ulisema kweli usiyoijua," alijibu. "Lete hopsi mpya, tufanye kazi."

Nilifungua mfuko mpya. Akanyoosha mkono, akachukua maua machache, akayasugua viganjani kama alivyonifundisha, kisha akaniletea viganja vile puani pangu.

"Niambie."

"Machungwa," nikasema.

"Machungwa au maganda yake?"

Nikanusa tena. "Maganda. Na majani yaliyokatwa."

"Na mnanaa, kwa mbali sana, mwishoni. Aina hii haikosi."

Nilikuwa nimeitumia aina ile miaka mingi na sikuwahi kusikia mnanaa. Nikafumba macho, nikavuta pumzi polepole mpaka mwisho. Ulikuwepo.