Robo ya Buluu

Jumatatu moja ya Desemba, mwaka 1998, Ardis Zastrow alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la sebuleni mwake, mjini Kessel Bay, Wisconsin, akichomeka matawi ya alumini kwenye matundu ya mlingoti wa mbao uliopakwa rangi ya fedha. Alivaa glavu nyeupe za pamba ili asiache alama za vidole. Kila tawi lilitoka kwenye kifuko chake cha karatasi, na kila kifuko kilirudi kwenye boksi kikiwa kimenyooshwa. Marehemu mumewe, Elroy, alikuwa msimamizi katika kiwanda kilichotengeneza miti hiyo, na katika nyumba ile kulaza tawi bila kifuko chake lilikuwa kosa kubwa kuliko kukosa ibada.

Jirani yake, Bernadine Wojta, alikaa kwenye kochi akimpa matawi moja moja na maneno kwa mkupuo.

"Mpwa wangu anasema hii miti imerudi," alisema Bernadine. "Vijana wa Milwaukee wanaigombania madukani. Takataka zetu zote tulizozificha darini, eti sasa ndiyo mapambo."

"Mimi sikuficha kitu," alisema Ardis.

Kweli hakuficha. Juu ya televisheni yake walisimama malaika wa magazeti, waliokunjwa ukurasa kwa ukurasa na kupuliziwa rangi ya dhahabu. Dirishani palikuwa na mti mdogo wa udongo alioufinyanga mwenyewe chini ya kanisa la Kilutheri, wenye vitaa vya plastiki kama peremende. Chooni alikaa mwanasesere mwenye gauni la kufuma, jekundu na jeupe, na chini ya gauni hilo kulikuwa na karatasi ya chooni ya akiba. Mti wa alumini tu ndio uliobaki darini tangu Elroy afe, kwa sababu ulikuwa wake.

Walipomaliza, Ardis aliweka gurudumu la rangi sakafuni. Mti wa alumini hauvalishwi taa za umeme hata siku moja. Unamulikwa kwa mbali, na taa iliyo nyuma ya sahani ya plastiki yenye vipande vinne, inayozunguka taratibu ikinguruma kama paka aliyeshiba. Akachomeka plagi. Mti ukawa mwekundu, ukawa wa dhahabu, ukawa wa kijani. Ulipogeuka buluu, Elroy alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na shati lake la kijivu la kazini, mikono juu ya magoti.

"Lile tawi la nyuma limekaa upogo," alisema.

Ikaja nyekundu, na kiti kikawa kitupu.

"Huyo si Elroy?" aliuliza Bernadine.

"Ndiye."

"Amepungua."

"Mwishoni alikuwa hali vizuri," alisema Ardis, akazunguka nyuma ya mti kunyoosha lile tawi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Elroy alikuwepo kwenye buluu, na kwenye rangi nyingine tatu hakuwepo. Aliongea kwa mafungu. Akianza sentensi ndefu, gurudumu lilimkata katikati, naye aliimalizia mzunguko uliofuata pale pale alipoachia, wala hakuona kuwa kuna kilichopita. Aliuliza timu ya Green Bay ilicheza vipi Jumapili. Aliuliza kama ziwa limeganda. Alitaka kahawa, na ingawa hakuinywa, ilikuwa ikipoa haraka kuliko kahawa nyingine.

Watu wa mtaani walikuja kumwona, wakavua viatu vyao vya theluji mlangoni na kungoja zamu ya buluu kama wanavyongoja kwa kinyozi. Wenzake wa kiwandani walimpa habari za waliokufa, naye akasema hao ameshakutana nao. Mchungaji, mama mmoja kijana aliyetoka Iowa, alikaa mizunguko kadhaa akila biskuti, akasema Kanisa halina la kusema juu ya kifaa chenye plagi.

Tabu ilikuwa Duane.

Ardis alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo hakuruhusiwa kula katika nyumba ile tangu akiwa na miaka ishirini mpaka alipomzika baba yake. Kisa kilikuwa mti huo huo. Krismasi ya 1966 Duane aliuona umepoa mno, unamulikwa kwa mbali kama mshtakiwa. Akashusha uzi wa taa za zamani kutoka darini, akauzungushia mti mzima, akachomeka. Jioni ile Mchungaji Grunewald alipita kuwasalimu. Aligusa ncha ya tawi ili ausifie, umeme ukamrusha, akatua kwa mgongo juu ya bakuli la samaki wa siki. Hakufa. Jumapili alihubiri vizuri kuliko kawaida, ila nywele zake zilisimama mpaka Pasaka.

Habari ilienea. Mwaka mmoja baadaye maagizo ya miti yalipungua nchi nzima, kiwanda kikageukia sufuria, na Elroy, aliyekuwa amezoea kusimamia miti, akasimamia vifuniko. Kessel Bay yote ilijua kwamba watu walikuwa wameichoka tu miti ya alumini na kutaka tena ya kijani. Elroy alisema ni Duane. Kutoka California mpaka Maine, kila mtu aliyeacha kununua mti wa alumini aliacha kwa sababu ya Duane.

"Nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki," alisema, "huyo hali kwenye meza ile."

Kiti kilitazamana na meza. Kijana akaenda Duluth, akasomea ufundi umeme, akakaa huko.

Siku Elroy aliposema maneno yale, Ardis alikuwa jikoni akikoroga mchuzi. Alikuwa na la kumjibu. Lilikuwa fupi: Elroy, mtoto hakuua biashara yako, watu waliichoka. Alilibana kama fundi cherehani anavyobana pini midomoni, hamezi, hatemi. Miaka ikapita, Elroy akafa na pini bado iko pale pale. Baada ya mazishi Duane alianza kuja kila Krismasi. Alikuja na jibini na zawadi alizozifunga vibaya, akala mezani, na Ardis akadhani mambo yamejisawazisha yenyewe.

Sasa alimwambia Elroy kwenye buluu moja ya alasiri, huku akichoma vimetameta kwenye mpira wa povu kwa pini ndogo.

"Duane anakuja Krismasi."

"Anakuja wapi?"

Ikaja nyekundu. Ardis aliendelea kuchoma pini wakati wote wa nyekundu, na wa dhahabu, na wa kijani.

"Hapa," alisema buluu iliporudi.

"Hapa nilipokaa?"

"Hapa nyumbani, Elroy."

"Nilisema nini, Mama?"

Na nyekundu ikaja tena. Ardis alingoja buluu ya pili akiwa ameweka mpira chini, mikono mapajani, jibu lake likiwa tayari. Elroy alipotokea, Ardis alimtazama na shati lile, na kola ile aliyoigeuza yeye mwenyewe kwa sindano ilipochakaa.

"Nikuwekee kahawa?" alisema.

"Weka," alisema Elroy.

Duane alifika mkesha wa Krismasi mchana, amepaki lori lake pembeni ya barabara ili lisizuie mashine ya theluji. Alikuwa na miaka hamsini na moja na mvi ndevuni. Alimkumbatia mama yake, akampiga Bernadine begani, akasimama mbele ya mti.

"Huu umetoka wapi?"

"Darini," alisema Ardis. "Duane, baba yako yupo. Ila ni kwenye buluu tu."

Duane alitazama kiti. Kijani ilikuwa inaishia. Ikaja buluu, na baba yake alikuwa anamtazama.

"Nilisema nini?" alisema Elroy.

"Shikamoo, baba," alisema Duane. Alichukua koti lake, akatoka barazani, akafunga mlango taratibu ili baridi isiingie. Nyekundu ilipokuja Bernadine aligonga kioo, naye akarudi ndani.

"Hajabadilika," alisema Duane.

"Mwili tu," alisema Bernadine. "Umepungua."

Chakula kiliandaliwa mapema kidogo, jua likiwa ndiyo linazama nyuma ya mnara wa maji. Kulikuwa na mchuzi wa chaza wa maziwa, viazi, na nyama mbichi ya kusaga na vitunguu juu ya mkate mweusi, ambayo daktari wa kila mtu alishaikataza. Walikaa watatu. Duane alikula kwenye nyekundu, akala kwenye dhahabu, na kijani ilipoanza kufifia aliweka kijiko chini, akainuka, akatoka. Mzunguko wa tatu aliacha kuvua koti. Wa tano aligundua kwamba mkate unaweza kubebwa.

"Beba na kitunguu," Bernadine alimwambia. "Huko nje huna wa kumnukia."

Elroy, kila alipotokea, alitazama kiti kilichosukumwa nyuma na sahani inayofuka mvuke.

"Ametoka?"

"Ametoka," alijibu Ardis.

"Vizuri. Ziwa limeganda?"

"Bado katikati."

Kupitia dirishani, juu ya ule mti wa udongo, Ardis alimwona mwanawe amesimama barazani na mkate mkononi, anapiga miguu chini kujipasha moto. Theluji ilikuwa imeanza. Alihesabu moyoni maneno ya jibu lake, akaona yanaenea kabisa ndani ya buluu moja, na nafasi ingebaki.

"Elroy," alisema.

"Ee, Mama."

Bernadine aliacha kutafuna.

"Elroy, mtoto…"

Elroy alimgeuzia uso. Haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa kwake, mbele ya mti wake, kazi imeisha, ambaye duniani hakubakiwa na kingine ila robo hiyo. Ardis alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua.

"Mtoto wa Bernadine kapata kazi Sheboygan," alisema.

"Kazi gani?" alisema Elroy, na nyekundu ikamfuta.

Duane aliingia na theluji mabegani. Alitazama uso wa mama yake, kisha wa Bernadine, ambaye hakuwa na mtoto, na aliyekuwa ameinamia mchuzi wake kwa bidii.

"Umemwambia aniache nile?"

"Buluu ni fupi," alisema Ardis.

Duane alikaa. Akachota viazi, akavitazama.

"Mama, mimi ni fundi umeme."

"Najua, mwanangu."

"Plagi ya lile gurudumu iko hapo karibu na mguu wako. Sihitaji bisibisi. Ukisogeza kisigino tu inatoka."

"Naiona."

"Tungemaliza kula. Ungeirudisha baadaye. Yeye hata hajui kama ametoka, umesema mwenyewe. Angedhani ni nyekundu ndefu."

Ardis alitazama chini. Plagi ilikuwa pale, imelegea kidogo, na kiatu chake cha ndani cha sufu kilikuwa kando yake. Dhahabu iliupita mti, ikapita juu ya malaika wa magazeti, ikapita kwenye uso wa Duane, na kwa dhahabu hiyo alionekana kijana.

"Mimi nisingeweza kumzima mume wangu," alisema Bernadine polepole. "Na wala sikuwa nampenda."

"Hakuna aliyekuuliza, shangazi," alisema Duane.

"Ndiyo maana nimejibu mwenyewe."

Ikaja kijani. Ardis hakuusogeza mguu. Aliuvuta nyuma, chini ya kiti, mbali na waya, kama mtu anayepisha.

"Kula, viazi vinapoa," alisema.

Duane alikula vingi kadiri kijani ilivyoruhusu. Kisha akainuka, akachukua koti, na mkono wake ukiwa kwenye kitasa akamwinamia mama yake, akambusu juu ya nywele. Halafu akatoka.

Alilala kwenye moteli ya njiani, kwa sababu kufika chumba cha wageni lazima upite sebuleni. Siku ya Krismasi alirudi, wakafungua zawadi kwa mafungu. Alimrekebishia mama yake soketi ya jikoni, akaondoka kwenda Duluth kabla barabara hazijaharibika. Barazani, juu ya kiti cha chuma kilichokuwa huko, palikuwa na alama mbili za mahali mtu alipokaa, theluji imeyeyuka na kuganda tena.

Kesho yake Ardis alitoa kitambaa cha sufu, chekundu, akakata duara mbili pana. Juu ya moja alishona Baba Krismasi mwenye ndevu za pamba na mkanda wa vimetameta, na kengele ndogo kwenye ncha ya kofia. Alishona alasiri nzima karibu na mti. Elroy alikuja na kuondoka, akauliza habari za ziwa, akatazama sindano.

"Unashona nini?"

"Mto wa kukalia."

Nyekundu, dhahabu, kijani.

"Wa kiti gani?"

"Cha barazani," alisema Ardis, bila kuinua kichwa. "Wa Krismasi ijayo."

Elroy aliugeukia mlango wa barazani.

"Basi jaza sufi nyingi," alisema. "Kile kiti ni cha chuma."

Ardis aliongeza sufi mkono mmoja, kisha mwingine, akaanza kufunga ukingo.