Diski Isiyouliza Kitu

Programu ile, ukitaka kuisimika kwenye kompyuta, ilikuwa na maswali thelathini na moja, na Enoki aliyachukia yote. Ilitaka kujua lugha, tarehe, saa, jina la kituo. Ilitaka kujua kama una hakika, na ukisema una hakika, inakuuliza tena utadhani umeshawahi kuidanganya. Kompyuta moja ilikula nusu siku, na zahanati za mradi zilikuwa kumi na nne, kuanzia Makambako mpaka Ipelele huko, ambako mvua ikishika gari linalala njiani. Nani angezunguka kote huko akibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo?

Basi Enoki, kijana wa Kibena aliyesomea mashine Dar es Salaam na kurudi Njombe na viatu vya ncha kali, akaamua kuyajibu maswali yote mapema. Aliyaandika majibu kwenye faili moja, akalifunga pamoja na programu ndani ya diski, akatoa nakala kumi na nne za kupeleka kwa basi. Muuguzi angeitumbukiza diski, angewasha mashine, angekwenda kuchemsha chai. Akirudi angekuta programu imejisimika yenyewe, na kompyuta zote zimefanana kama mayai ya kuku mmoja. Ilikuwa mwaka tisini na nane, mambo yote yamefunguliwa, kila mwenye fedha anakuja na mradi wake, na wafadhili wa mradi huu walitaka takwimu za wagonjwa kabla ya mwaka kwisha.

Swali la kumi na tisa lilisema hivi: mashine hii ina kumbukumbu ndani yake; zifutwe?

Hapo, tumpe haki yake, Enoki alisita. Alipigia simu kila kituo. Lakini aliulizaje? Mratibu wa mradi, Bwana Hilario, alikuwa ameketi pembeni yake, na mratibu huyo alikwisha kutangaza kwamba asiyefundishwa asizisogelee mashine za wafadhili. Enoki naye alitaka kumfurahisha mkubwa wake. Hakuuliza kama mna kitu ndani. Aliuliza, "Kuna mtu yeyote aliyethubutu kuigusa?"

Ukiulizwa hivyo, na ugali wako unategemea kazi hiyo, wewe ungejibu nini? Wauguzi kumi na wanne walisema hakuna. Esha wa Makambako alilisema haraka kuliko wote. Enoki akaandika jibu la kumi na tisa: ndiyo, zifutwe, na zifutwe kabisa.

Wiki tatu baadaye aliteremka Makambako kuanza mafunzo, kifua mbele. Diski zote kumi na nne zilikuwa zimefanya kazi, na Bwana Hilario alikwisha kumdokezea kwamba kuna nafasi Dar es Salaam. Esha alimpokea vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kilosa, aliyeletwa hapo na mume dereva na kubakia hata baada ya mume kufa. Alimpa chai, akafunga mlango, akaivua mashine kitambaa chake cha kufuma.

"Diski yako haikunisumbua hata kidogo, mdogo wangu," alisema. "Sasa nielekeze. Vile vya zamani navifungulia wapi?"

"Vya zamani vipi, dada?"

"Nilivyoviandika mimi."

Enoki aliweka kikombe chini. "Si ulisema hakuna aliyeigusa?"

"Wewe uliulizaje?" alisema Esha. Kisha akautazama uso wake, na sauti ikamshuka. "Enoki. Viko wapi?"

Esha akakaa kitako juu ya kitanda cha wagonjwa, akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Enoki alivyotamani anyamaze.

Makambako ni njia panda. Watu wanakuja kutafuta, wanapata, wanapotea; na miaka ile ule ugonjwa uliokuwa hautajwi uliwafagia madereva, wachuuzi na wake zao mbali na kwao. Wengi walijiandikisha zahanati kwa majina ya kubuni. Ila zikibakia siku mbili tatu za kuishi, walimshika Esha mkono wakamwambia jina la kweli, kijiji, nani apelekewe habari, mtoto apewe nani. Mwanzoni aliandika kwenye daftari. Mtu akalichungulia, na wiki haikwisha masufuria ya mama mmoja yakawa yametupwa nje na mwenye nyumba. Esha akalichoma daftari. Alikuwa amejifunza kupiga taipu usichanani mwake, na mashine ile hakuna aliyejua kuifungua. Akawaandika humo, watu sitini na wanane.

"Huwakumbuki?" Enoki aliuliza, na hapo hapo akaona aibu kwa kuuliza.

"Nawakumbuka wao. Majina na vijiji nilikuwa nikishaandika, nasahau makusudi. Vinginevyo ningelala vipi, wewe?"

Siku mbili Enoki aliikalia mashine ile. Alijaribu kila alichofundishwa na vingine alivyovisikia tu. Haikusaidia; alikuwa ameiagiza diski ifute kabisa, na ilifuta kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alimwomba Mungu kwamba yeye mwenyewe awe amekosea mahali fulani.

Siku ya tatu lori la viazi lilisimama mbele ya zahanati. Omary, dereva, alikuwa anakwenda Kigoma yeye na mkewe, na alikuwa amekubaliana na Esha wamchukue Safina, mtoto wa miaka mitano, wamfikishe kwa bibi yake. Mama yake alikuwa amekufa miezi miwili nyuma, baba hajulikani, na jirani aliyemtunza alikuwa anahama. Mtoto alikuja ameoga, nywele zimesukwa.

"Haya dada, nipe karatasi ya maelekezo," Omary alisema. "Kigoma ni kubwa. Nimshushe wapi?"

"Ni kijijini, mbali na reli," Esha alisema. "Bibi anasuka mikeka. Kisima chao kina mawe matatu."

Omary alikuna kichwa. "Mama yake aliitwa nani basi? Nitauliza uliza."

Mtaa mzima walimwita Mama Safina. Jina la kweli nalo lilikuwa kwenye vilivyofutwa. Mke wa Omary alisema taratibu kwamba mtoto si gunia la kuzungushwa sokoni, na lori likaondoka bila Safina.

Enoki akanyanyua simu. Alimwambia Bwana Hilario kwamba Makambako kuna vitu vimefutika, tena vikubwa.

"Mashine zilikuwa tupu, Enoki. Wewe mwenyewe uliniambia," ilisema sauti. "Au kuna aliyeigusa? Nitajie jina lake sasa hivi."

Mbele yake Esha alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka. Akifukuzwa, wale wagonjwa waliolala chumba cha pili watamwambia nani?

"Hakuna, mzee," Enoki alisema. Neno lilimtoka upesi kuliko alivyotegemea.

Ikabaki fomu ya ofisi ya kata, ya kumpeleka mtoto kwenye kituo cha yatima, wilaya nyingine. Esha alisema mkono wake hauwezi. Enoki aliketi na Safina kwenye benchi la nje, akaandika jina, akaandika umri. Mama, akaacha wazi. Penye nafasi ya mahali pa asili alikaa muda mrefu. Mwisho akaanza kuandika polepole, herufi moja moja.

"Unaandika nini?" Safina aliuliza.

"Naandika kwenu."

"Wapi?"

"Hapa. Makambako."

"Hapa si kwetu," Safina alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni. "Kwetu Mama Esha anapajua. Mama alimwambia. Mimi nilikuwa mlangoni."

Akamgeukia Esha, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akamvuta kanga.

"Mwambie."