Shauri la Mayai ya Kanga

Sogeeni, wenye ndevu na wasio nazo, maana hadithi hii haibagui masikio.

Ilikuwako nchi iitwayo Ndevuni, nchi ya wanyama na ndege, na Mfalme wake alikuwa Simba. Nchi ilikuwa na utaratibu, tena utaratibu wa kujivunia. Babu yake Mfalme ndiye aliyeandika sheria kuu, iliyochongwa juu ya mlango wa mahakama: MWENYE NDEVU NDIYE ASEMAYE. Asiye na ndevu hakuonewa hata kidogo, msije mkasema nimesema. Alikuwa na haki zake zote: haki ya kunyamaza, haki ya kusikiliza, na haki ya kumlipa mwenye ndevu amsemee.

Mawakili wa Ndevuni walikuwa Nyani, Ngiri na Beberu. Beberu ndiye aliyekuwa na jina. Harufu yake ilifika mahakamani kabla ya hoja zake, na mara nyingi mdai aliishia kuomba shauri lifutwe ili apate kuvuta hewa. Kulikuwa na sheria nyingine ndogo, kwamba wakili atakayekula huku na huku katika shauri moja atanyolewa ndevu mbele ya watu. Hiyo hakuna aliyewahi kuiona ikitumika.

Mkoba wa Beberu ulibebwa na mpwa wake, Mbarika, mbuzi jike kijana ambaye hajazaa. Miaka yote hiyo Mbarika alikuwa akisimama nyuma ya mjomba, akimnong'oneza vifungu vya sheria, na mjomba akivisema kwa sauti kubwa kana kwamba vimetoka tumboni mwake. Basi asubuhi moja binti wa watu akainama mtoni kunywa maji, akaona kitu kidevuni. Akadhani ni jani. Akalivuta. Likamuuma!

"Lo! Salaala!" akapiga kelele, akaruka juu, akatua, akaruka tena. "Ninazo! Jamani, ninazo!"

Ndiyo, alikuwa nazo. Mbuzi jike huota ndevu, na kila mchungaji analijua hilo. Lakini yule Simba mzee aliyeandika sheria hakuwahi kumtazama mbuzi usoni. Alikuwa akimtazama mapajani.

Mbarika alirudi mjini akicheka peke yake, na mlangoni mwa mahakama akamkuta Bi Kanga amejikunyata, analia. Bi Kanga alikuwa mjane, tena umri umemtupa mkono, na mwaka ule alikuwa ametaga mayai akijua hatataga mengine. Alikwenda kunywa maji mara moja tu. Aliporudi, Kenge, Waziri wa Ghala, alikuwa ameyabeba yote kwa hoja kwamba yai la kichakani ni mali ya Mfalme. Bi Kanga akashtaki. Mayai yakawa vielelezo vya shauri. Na vielelezo vya nchi nzima vilitunzwa wapi? Ghalani kwa Kenge!

"Nilikwenda kusema mwenyewe," Bi Kanga alisimulia, akipangusa macho kwa bawa. "Nikawaonyesha hizi nyama nyekundu za kidevuni. Karani akaniambia hizo ni nyama, si nywele. Nikamlipa mjomba wako kikapu cha mtama anisemee. Akala, akashiba, na juma la pili nikamwona amesimama upande wa Kenge! Na kila wakiahirisha, mwanangu, mayai yanapungua. Kikapu kilikuwa kimejaa. Sasa kimefika nusu."

Mbarika hakucheka tena. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, akauweka mkoba chini.

"Mjomba, shikamoo. Mkoba wako huu hapa. Nimepata mteja."

"Marahaba. Mteja gani?" Beberu akatafuna ndizi ya ghalani. "Wewe mwanamke, utasemea nini? Kwa mkia?"

"Utaona, mjomba."

Siku ya shauri mahakama ilijaa mpaka ndege wakakaa mabegani mwa twiga. Mfalme alikuwa amelala kidogo, kama ilivyo desturi ya haki inapoendelea. Pembeni yake alikaa Malkia, aliyetoka kuwinda alfajiri na bado alikuwa na vumbi miguuni. Kenge alikuwa mahali pake, mdomo umefungwa. Naye hakuwa na ndevu, lakini mwenye ghala haoti ndevu, hukodi za mwenzake.

"Nani anamsemea mdai?" akauliza Karani Kasuku, ambaye aliweza kurudia kila neno la sheria bila kuelewa hata moja.

"Mimi," akasema Mbarika.

Vicheko vikalipuka. Tumbili alicheka mpaka akaanguka. Mfalme akafungua jicho moja.

"Karani, sheria inasemaje?"

"Mwenye ndevu ndiye asemaye, Mtukufu."

"Anazo?"

Nyani akatumwa kukagua. Akazishika, akazivuta kwa nguvu, akarudi akichechemea.

"Zimeota mwilini, Mtukufu. Amenikanyaga, lakini zimeota."

Beberu akainuka haraka. "Mtukufu, jambo hili ni zito! Tuahirishe, Baraza likae."

"Na mayai, je?" akauliza Mbarika. "Mbona leo kikapu kina matatu tu?"

Beberu akainamisha sikio kwa Kenge, akanyooka. "Mteja wangu asema haya ni mayai ya aina inayopungua kwa joto."

"Imeahirishwa!" akanguruma Mfalme, akalala.

Baraza likakaa keshoye hadharani, maana Mfalme alipenda watu waone anavyowafikiria. Mbarika na Bi Kanga wakakaa nyuma kabisa, katikati ya umma. Mbarika alikuwa na mkoba wake mpya wa ukindu, na kwa vile mahali palikuwa pamebana, aliutundika penye nafasi, yaani kwenye pembe yake ya kulia.

"Watukufu," akaanza Beberu, akizungusha kichwa ili watu waione mikunjo ya pembe zake, "ndevu pekee hazitoshi. Uwakili ni heshima. Napendekeza wakili awe na ndevu na pembe!"

"Ndiyo! Ndiyo!" wakaitikia mawaziri.

Ngiri akasimama. "Ebo! Na sisi wenzako tusio na pembe? Mimi nina meno haya tu!"

"Na mimi sina hata hayo," akalalamika Nyani.

Beberu akawaza wateja wote wale watakaobaki bila wakili, akalamba mdomo. "Sheria ni msumeno, ndugu zangu, hukata mbele na nyuma. Poleni."

Kule nyuma Bi Kanga alimpiga Mbarika kiwiko. "Mwanangu, hawa hawana macho? Si wewe hapa una..."

"Nyamaza, mama," Mbarika akanong'ona, amebana meno asicheke, machozi yanamtoka. "Waache wapige muhuri kwanza."

Mfalme akachovya unyayo kwenye tope, akaupiga juu ya sheria, *pa!* Hapo ndipo Mbarika aliposimama, akajinyoosha, akatikisa kichwa taratibu, na mkoba ukabembea kwenye pembe huku na huku. Kwanza alicheka mtoto wa digidigi. Kisha akacheka twiga, na twiga akicheka huko juu, nchi nzima hujua. Mawaziri walitazama mkoba ukienda kulia, ukarudi kushoto. Hakuna aliyethubutu kusema ule ni msumari.

Haya basi. Siku ya shauri ikafika tena. Mbarika aliingia amechangamka, na mara moto wote ukamzimika. Kikapu cha vielelezo kilikuwa mezani kitupu kabisa, hakina hata ganda.

"Mtukufu," akasema Beberu kwa sauti ya msiba, "joto limekuwa kali. Hakuna mayai, hakuna shauri. Naomba lifutwe."

Bi Kanga alikaa chini tu, mbawa zimelegea, akakitazama kile kikapu. Mbarika akakiinamia kikapu. Ndevu zake na pembe zake zote zilikuwa na faida gani sasa? Alijiona mjinga aliyecheka mapema. Kisha akamwona mjomba wake akijichokonoa meno, na hasira ikamsimamisha.

"Kabla hatujafuta, mjomba. Ule mtama wa Bi Kanga, ulikuwa mtamu?"

"Mtamu sana," akasema Beberu, ambaye hakuwahi kukataa kusifu chakula.

"Na zile ndizi za Bwana Kenge?"

"Zilikuwa zimeiva barabara!" Watu wakaanza kuguna, naye akadhani wanamsifu, akatanua kifua. "Mimi hula kwa wote, mwanangu. Ndiyo maana sina upendeleo!"

Karani Kasuku, bila kuulizwa, akafumbua mdomo: "Wakili atakayekula huku na huku katika shauri moja atanyolewa ndevu mbele ya watu." Akafumba.

Mfalme alijikuna. Angependa kusamehe, lakini umma wote ulikuwa umesikia.

"Wembe uko wapi?"

"Hakuna haja ya wembe," akasema Ngiri kwa upole mkubwa, akisogea na meno yake. "Sheria ni msumeno, ndugu yangu. Pole."

Masalale! Beberu alinyolewa mpaka kidevu kikang'aa kama yai. Alipofungua kinywa kulalamika, Karani akamwashiria anyamaze, maana hakuwa na ndevu. Akakaa kwenye benchi la wasio na ndevu, nao wakasogea mbali naye, kwa sababu ya harufu.

Sasa Kenge akabaki peke yake. Nyani na Ngiri hawakuwa na pembe, Beberu hakuwa na ndevu. Na sheria ya Ndevuni ilisema upande usio na msemaji umeshindwa. Ndivyo wasio na ndevu walivyoshindwa miaka yote.

"Ahukumiwe! Ahukumiwe!" umma ukapiga miguu chini.

"Funga kazi, mwanangu!" Bi Kanga akanong'ona. "Tumeshinda!"

Mbarika akamtazama Kenge. Kenge alikuwa anatokwa jasho, mdomo umefungwa kama mlango wa ghala lake. Ilikuwa raha kumtazama, naye Mbarika hakuona sababu ya kuificha. Ile raha ndiyo iliyomtisha.

"Mtukufu Mfalme," akasema, "naomba mdaiwa aruhusiwe kusema."

"Unamtetea Kenge?" Bi Kanga alisahau kwamba haruhusiwi kusema. "Baada ya yote haya?"

"Simtetei, mama. Lakini akihukumiwa leo bila kusikilizwa, kesho watarudi kutufanyia sisi hivyo hivyo. Mtukufu, naomba sheria mpya: kila mwenye shauri aseme mwenyewe akitaka, awe na ndevu asiwe nazo."

Mfalme akaona mlango wa kumtoa rafiki yake umefunguliwa na adui mwenyewe. Hakungoja Baraza, wala hakufikiri. Alichovya unyayo, *pa!*

"Imepita! Sema, Kenge! Jitetee!"

Kenge akatikisa kichwa.

"Nimekuruhusu. Sema!"

Kenge akatikisa kichwa tena, macho yamemtoka.

"Kenge! Mimi ndiye Mfalme, nasema sema!"

Basi Kenge akafanya jambo ambalo hata mtoto asingelifanya mbele za watu. Akainua shingo juu, akajaribu kumeza. Uvimbe mviringo ukaonekana kooni, ukashuka kidogo, ukakwama.

"ANAMEZA!" Bi Kanga aliruka juu ya meza. Mnajua kelele za kanga shambani. Sasa zifikirieni zimefungiwa maisha mazima na leo zimepata ruhusa ya Mfalme. "Anameza, jamani! Mwanangu yumo mle! Tema! Mwizi wewe, tema! TEMA!"

Kenge akashtuka, akapaliwa, akakohoa. Yai likatoka, likaanguka kwenye majani ya kikapu, zima, lina joto la mdomo wake. Mbarika alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Bi Kanga hakusubiri hukumu. Alilisukuma yai chini ya tumbo lake, akatanua mbawa, akakaa pale pale juu ya meza ya mahakama.

"Naahirisha shauri!" akapiga kelele Mfalme.

"Ahirisha wewe," akasema Bi Kanga. "Mimi nimeatamia."

Akaatamia kweli. Kila alfajiri Mfalme alikuja, akamkuta, na nyuma yake akakuta foleni: sungura aliyenyang'anywa shimo, njiwa aliyefukuzwa kiotani, chura aliyetozwa kodi ya mvua. Wote walikuwa na mashauri, wote walisema wenyewe, na aliyeshindwa kupanga maneno alimwita Mbarika ampangie. Kenge alikuwa wa kwanza kufungwa, tena baada ya kusikilizwa vizuri mno, maana alisema kutwa nzima. Ghala likapewa mlinzi asiyekula mayai.

Siku moja foleni ilipofika mbele, alisimama Malkia, vumbi la mawindo bado liko miguuni.

"Nami nina shauri," akasema kwa utulivu. "Nyama ya nchi hii naiwinda mimi na dada zangu. Nataka kujua ni kwa sheria gani anakula kwanza aliyelala."

Mfalme akageuka kumtafuta wakili. Akaona kidevu cha Beberu, kitupu. Akamgeukia Mbarika, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Wakili, nisemee."

"Bi Malkia amekwisha kunituma, Mtukufu. Siwezi kula huku na huku. Lakini ruhusa ya kusema mwenyewe unayo, na muhuri ni wako."

Mfalme akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Na katika kimya hicho, chini ya mbawa za Bi Kanga, kukasikika mlio mdogo wa kugonga, *ko, ko*, kisha ganda likapasuka, na kichwa chenye unyevu kikachungulia watu wa Ndevuni.

"Piyo!" kikasema.

Karani Kasuku akashika kalamu, akakitazama kidevu kile kidogo kisicho na unywele, akachanganyikiwa. "Wakili, niandike nini?"

Mbarika akatundika mkoba wake pembeni, akavuta kiti.

"Andika kwamba amesema."